Mfarishi wa Bwana Barafu

Kabati la chumba cha nyuma lilikuwa halifungi. Mlango wake ulikuwa mzima, bawaba zilitiwa mafuta, kitasa kilikuwa kipya. Lilikuwa halifungi kwa sababu lilikuwa limeshiba. Ukilisukuma kwa bega linakubali, ukiondoa bega linatema mfuko. Na ndani ya kila mfuko mlikuwa na mfarishi, yaani lile blanketi nene la viraka: uso wa vitambaa vya rangi rangi, pamba katikati, bitana nyuma, vyote vimeshikwa pamoja kwa mishono midogo midogo ya mkono. Ilikuwa mifarishi mizuri, ya kumtamanisha mtu usingizi mchana kweupe. Ila hakuna hata mmoja uliokuwa umekwisha.

Mwenye kabati alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuongea na uzi. Mtaani walimwita Bi Nusu. Jina hilo alipewa na mumewe kwa utani miaka mingi nyuma, na majina ya utani hayana adabu, yakishaingia nyumbani hayatoki. Watoto wa majirani walikua wakidhani ndilo jina alilozaliwa nalo. Alikuwa na mfarishi wa binti yake, wenye pembe moja iliyoachwa wazi. Alikuwa na wa mdogo wake, wa jirani aliyehama, na wa wajukuu ambao hata mimba zao hazijatungwa. Na chini kabisa, katika mfuko wa turubai, alikuwa na ule mkubwa kuliko yote, wa mumewe, aliouanza mwaka waliooana. Uso tayari, pamba tayari, bitana tayari, mishono imeujaa kutoka upande hadi upande. Kilichobaki ni pindo tu, ule ukanda wa kitambaa unaozungushwa ukingoni ili pamba isichungulie nje. Ng'ombe mzima kaliwa, umebaki mkia.

"Mke wangu," mumewe alikuwa akisema kila baridi ilipoingia, "ule wangu vipi?"

"Unakuja, mzee wangu."

"Unakuja kwa miguu?"

Wanacheka, maisha yanaendelea. Ndivyo ilivyokuwa miaka nenda miaka rudi. Lakini mwaka huu aliuliza na hakucheka.

Mumewe aliitwa Bwana Barafu, na jina hilo halikuwa la utani hata kidogo. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia katika ghala la baridi, jumba lile la milango minene wanamohifadhi nyama na samaki wa kusafirishwa. Aliingia humo kijana, akatoka mzee, na baridi ikatoka naye, ikamfuata mpaka nyumbani. Watu wakijipepea kwa magazeti, yeye anatafuta soksi. Kisha, baada ya kustaafu, kifua kikambana. Alilazwa, akatobolewa sindano mikono yote miwili, akarudi nyumbani akiwa mwembamba kiasi kwamba pete ya ndoa ilibidi aifunge uzi isidondoke. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema, "Huyu asipigwe na baridi. Kifua hiki kikiugua tena, sijui tutasema nini."

Wakamnunulia mablanketi ya dukani, yale yanayong'aa na kunyunyiza cheche ukiyavuta haraka. Wakayapandanisha. Chini ya mzigo ule mzee alilala akitetemeka, macho yametoka.

"Haya mablanketi yananilalia tu," alisema. "Hayanifuniki."

Na mfarishi wake uko chumba cha nyuma, umekunjwa. Sasa wewe, kabla hujamwita mwanamke huyu mvivu, au asiye na huruma, subiri kidogo.

Katika maisha yake Bi Nusu alikuwa amemaliza mifarishi miwili. Wa kwanza ulikuwa wa mama yake. Alipiga fundo la mwisho jioni, mama akajifunika, akapapasa viraka kwa kiganja, akasema, "Sasa nimefika." Asubuhi hakuamka. Watu wakasema ni mtu mzima, siku zake zimetimia, na yeye akakubali. Wa pili ulikuwa mdogo, wa mtoto wao wa kwanza, wa kiume. Aliukata uzi kwa meno mtoto akiwa mapajani anacheza na kipande cha utepe. Wiki haikuisha, homa ikaja. Baba mtu alikuwa kazini, ndani kabisa ya ghala, nyuma ya milango isiyopitisha sauti. Alipotoka na kuambiwa, mtoto alikuwa ameshafunikwa uso, na alichofunikwa nacho ni mfarishi ule ule.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu hapo sindano ya Bi Nusu ilikuwa ikisimama yenyewe kabla ya kumaliza. Alipobeba mimba ya binti yake alishona kwa furaha, akafika pembe ya mwisho, akaiacha. Binti akazaliwa na mapafu ya tarumbeta, hajawahi kulazwa hata siku moja. Ushahidi gani tena? Basi kila aliyempenda alimwanzia mfarishi, na kila mfarishi aliuacha wazi mahali. Alikuwa anawaachia wote pa kuendelea. Hakumwambia mtu, kwa kuwa alijua jambo hili likitamkwa litakuwa la kuchekesha. Kichwa kilijua ni upuuzi, ila kichwa hakishiki sindano.

Sasa baridi ya mwaka ikawa imekaa mlangoni, na mwanamke huyu yuko kati ya mambo mawili. Asipoumaliza mfarishi, baridi itamchukua mumewe. Akiumaliza, atakuwa amempeleka kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo binti alipoingia na filimbi yake.

Binti yao alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa na ukumbi wa vioo ambako watu wazima walimlipa ili awafokee, na mtaa mzima, wazazi wake wakiwamo, walimwita Kocha. Alikuwa mtu wa moyo mwema na sauti kubwa. Alipoambiwa baba anatetemeka chini ya mablanketi, alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akavuta mlango wa kabati, na mifuko ikamwagika mpaka ikamfika magotini.

"Mama! Hii ni aibu au ni duka?"

"Taratibu, utachana."

"Leo tunaanza mpango. Kila siku robo saa, mfarishi mmoja tu, hakuna kugusa mwingine mpaka ule wa kwanza uishe. Tunaanza na wa baba."

"Mwanangu, kazi ya sindano inataka moyo uwe tayari. Siku nyingine moyo hauji."

"Moyo hausubiriwi, mama. Unaanza kazi, wenyewe unakufuata nyuma."

"Kama mbwa?"

"Hasa! Kama mbwa." Kocha akapuliza filimbi, kidogo tu, kwa mapenzi. "Na nitakutegea simu ikukumbushe."

Kukataa atasemaje? Bi Nusu akaketi dirishani, akautandika mfarishi wa mumewe magotini, akatia uzi sindanoni. Na hapo, kama kawaida yake, chumba kikaanza kuondoka.

Kiliondoka polepole, kuta kwanza, kisha kelele za barabarani. Kidole chake kikapita juu ya kiraka cha buluu kilichotoka kwenye ovaroli ya kwanza ya kazi ya mumewe, na kidole hakikuishia juu ya kitambaa, kikazama. Akamwona kijana mwembamba anatoka kwenye mlango mnene, moshi wa baridi ukimzunguka miguuni, nyusi zimeganda nyeupe, anacheka kwa kuwa amejiona kwenye kioo cha gari. Akapita kiraka cha pili, cha shati la mistari, na kijana yule yule sasa amekaa kwenye kochi la wazazi wake Bi Nusu, amekuja kuchumbia, amesahau kuvua kofia, na hakuna anayethubutu kumwambia. Akapita cha tatu, cha gauni lake la njano, na huko alikuwa anatembea yeye mwenyewe kwenye mvua nyembamba, bila mwavuli, bila haraka, mtu fulani amemshika kiwiko. Kila kiraka kilikuwa na mlango wake, na nyuma ya kila mlango kulikuwa na mwanga wa alasiri. Angeweza kukaa huko mpaka kesho. Simu ikalia, akarudi.

Robo saa imepita, pindo liko vile vile. Alichoshona ni ua dogo jekundu pembeni.

Kesho yake akashona ua la pili. Kesho kutwa akaona ua la pili linataka jani. Siku zikaenda hivyo, simu inalia, mama anashona, Kocha anapiga makofi mlangoni akirudi kazini, na mfarishi unazidi kuchanua kama kiwanja kilichosahauliwa. Siku Kocha alipoamua kuukagua, alisimama mikono kiunoni.

"Mama. Hapa kuna bustani. Pindo liko wapi?"

"Haraka haraka haina baraka."

"Baba anatetemeka, mama, na wewe unapanda maua!"

Bi Nusu akainamisha macho, akajitia kutafuta subana yake, ile kofia ya chuma ya kukinga kidole, ambayo alikuwa ameivaa. Kocha akaitazama mikono ya mama yake. Akaona ile mishipa, vile vidole vilivyopinda kidogo kwenye viungo, na moyo wake mwema ukamletea jibu lake mwenyewe: maskini, mikono imechoka na anaona haya kusema. Akambusu kichwani. Hakusema neno tena, na mtu mwenye sauti kubwa akinyamaza ghafla ujue kuna jambo analipika.

Siku iliyofuata Bi Nusu alikwenda sokoni. Aliporudi alimkuta mumewe amekaa kitandani, mgongo ukutani, na usoni ana tabasamu ambalo halikuonekana tangu hospitali.

"Kuna nini?"

"Nimeambiwa nisiseme."

"Na nani?"

"Na Kocha." Bwana Barafu hakuwahi kuweka siri zaidi ya muda wa kunywa chai. "Amepita hapa, kauchukua mfuko wa turubai. Kaupeleka kwa fundi cherehani wa pale kona apige pindo. Anasema leo hii hii nitalala nimefunikwa."

Kikapu kilimponyoka. Nyanya zikabingirika mpaka chini ya kitanda. Bwana Barafu akaendelea kutabasamu, akidhani ni furaha, mpaka alipoona mlango uko wazi na mkewe hayupo.

Barabara ile aliijua kwa kuipita maisha yake yote, ila siku hiyo mtu alikuwa ameirefusha. Alikwenda mbio na hakufika. Watu walimsalimia, aliona midomo inafunguka, salamu zenyewe hazikumfikia. Sanamu za kuonyeshea nguo zilimgeukia madukani. Katikati ya njia wafanyakazi walikuwa wakipaka mistari mipya ya kivuko, wakainua mikono kumzuia, akapita katikati yao na kukanyaga rangi mbichi. Nyuma yake zikabaki nyayo nyeupe mbili zisizofanana, maana mguu mmoja alikuwa amevaa ndala yake, mwingine ndala ya mumewe. Alikuwa akiongea na uzi, kama alivyozoea, ila sasa alikuwa anauomba ukatike.

Duka la fundi lilinuka pasi ya moto na chaki. Fundi mwenyewe, baba mmoja mnene mwenye pini mdomoni, alikuwa amejikunja juu ya cherehani, na mfarishi ulikuwa umemwagika mezani, umeshuka mpaka sakafuni, na maua yake yote yanamtazama Bi Nusu. Kocha alikuwa kwenye kigoda anamenya karanga. Cherehani ilikuwa inanguruma. Pande tatu zilikuwa zimeshapindwa. Upande wa nne ulikuwa chini ya sindano, unakwenda.

Bi Nusu hakusalimia. Alipeleka mkono kwenye gurudumu la cherehani, akalikamata. Mashine ikakoroma, ikanyamaza.

"Mama, vidole!" fundi alisema kupitia pini.

"Toa sindano."

"Zimebaki shubiri mbili tu, mama yangu. Nikimalizia—"

"Ukimalizia unaua mtu."

Fundi akautazama mkasi wake, akausogeza mbali. Kocha alikuwa ameshasimama, maganda ya karanga yakimwagika.

"Mama, anaua nani?"

"Baba yako!" Na alipokwisha kusema hilo, mengine yote yakatoka, maana hayakuwa na pa kukaa tena. Akasimulia habari za bibi aliyesema amefika. Akasimulia habari za mtoto na kipande cha utepe. Alisimulia amesimama, mkono ungali kwenye gurudumu, ndala zisizofanana, rangi nyeupe ikikauka miguuni. Fundi alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka mkononi mwa shati lake.

Kocha alijua alikuwa na kaka aliyekufa mchanga. Mengine hakuyajua.

"Na wangu?" aliuliza mwishowe. "Ile pembe?"

"Nimekuachia pembe moja. Ndiyo hiyo unayopumulia."

"Mama." Sauti kubwa ilikuwa imekwenda mahali. "Mama, bibi alikuwa mzee. Na mtoto alikuwa na homa. Hata bila—"

"Najua."

"Unajua?"

"Najua, mwanangu. Kichwa kinajua siku zote."

Kocha alikuwa na maneno ya kumwinua mtu mnene kutoka sakafuni, ya kumpandisha ngazi aliyekata tamaa, ya kumrudisha mazoezini aliyekimbia mwezi mzima. Leo aliyaweka kando. Akainama, akautoa mfarishi chini ya sindano, akaukunja taratibu kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Wakarudi nyumbani, mmoja ameshika upande huu, mwingine upande ule.

Bwana Barafu alikuwa amejikokota hadi kwenye kiti cha sebuleni. Alikuwa amenyoa. Alipowaona akafungua mikono, wakamwekea mfarishi mapajani, na vidole vyake vikaanza kuuzunguka ukingo, upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, vikifurahi. Kisha vikafika mahali ambapo pamba ilikuwa inachungulia, vikasimama.

"Basi," alisema. "Hata leo."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza mkewe. Alisema kama mtu aliyesomewa jambo analolijua.

"Mzee wangu—"

"Acha. Sikulaumu. Nimekubali zamani. Nilistahili."

"Ulistahili nini?"

Akamtazama kwa mshangao, kana kwamba swali lenyewe ni la mzaha. "Si siku ile ya mtoto? Ulituma watu wakaja kugonga mlango wa ghala. Waligonga mpaka ngumi zikavimba, nilielezwa baadaye. Na mimi niko ndani napanga masanduku ya samaki, sisikii kitu. Ukabaki peke yako naye." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Baada ya pale ukauweka mfarishi wangu kabatini, hukuugusa tena. Nikasema sawa, hii ndiyo hukumu yangu. Wengine wote atawashonea, hata kama ni nusu, mimi ataniacha nipigwe baridi, maana siku aliponihitaji nilikuwa kwenye barafu. Nilikuwa nakuuliza tu kila mwaka, kwa utani, nione kama umenisamehe. Ukisema unakuja, najua bado."

Bi Nusu alikaa chini, sakafuni pale pale alipokuwa. Miaka yote ile. Alikuwa anamlinda, naye anatumikia kifungo. Kitanda kimoja, chai moja, na kati yao ukanda mmoja wa kitambaa, kila mmoja anausoma kivyake na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

"Wewe," alisema, "wewe mtu mjinga. Nani alikuhukumu? Niliogopa utakufa."

Akamweleza. Safari hii alieleza kwa ufupi, kwa kuwa ameshaeleza mara moja na kwa kuwa alikuwa analia. Bwana Barafu alisikiliza mdomo wazi. Kocha, mlangoni, alijifanya kuangalia dari.

"Ngoja kwanza," mzee alisema. "Ngoja nielewe. Kwa hiyo muda wote huu nimetetemeka kwa kupendwa?"

Na akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, alikohoa mpaka ikabidi ashikwe mgongo, na alipotulia macho yake yalikuwa yamelowa na mikono yake, mkewe aliishika, ilikuwa baridi kama mikono ya mtu aliyetoka kazini.

"Malizia," alisema.

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa, usione nacheka. Lakini sikiliza, mke wangu. Ukiuacha wazi nitakufa, ukiufunga nitakufa, siku haziwi za mtu kuzizuia. Hata kule ghalani tuligandisha kila kitu, siku hazikuganda. Mimi sitaki tena kutunzwa. Nataka kufunikwa."

Kocha akaitoa simu mfukoni, akaizima kabisa, akaenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Wakamrudisha mzee kitandani, wakayaondoa yale mablanketi ya dukani, wakamtandikia mfarishi juu yake. Bi Nusu akakaa ukingoni mwa kitanda, upande ulio wazi ukiwa mapajani mwake. Alasiri ilikuwa inaingia kwa dirisha, ya njano, na vumbi lilikuwa linaelea ndani yake bila kushuka. Akatia uzi. Sindano ikamchoma, akanyonya kidole, akaanza.

Alitegemea chumba kiondoke, kama kila siku. Hakikuondoka. Kuta zilibaki, kelele za barabarani zilibaki, na badala yake walikuja wao. Mama yake alikuja akakaa miguuni pa kitanda, akipapasa viraka kwa kiganja, ametosheka, hana neno na mtu. Mtoto alikuja na utepe wake. Hawakuwa wamekuja kumchukua mtu, alilijua hilo mara tu alipowaona. Walikuja kwa sababu palikuwa na joto. Aliendelea kushona, akiwatazama kwa pembe ya jicho, mshono juu ya mshono, akiogopa kugeuza kichwa wasije wakaondoka. Bwana Barafu alikuwa anazungumza habari za samaki mmoja mkubwa waliyewahi kumpokea ghalani, hadithi ndefu isiyo na mwisho, na sauti yake ilikuwa inakwenda na kurudi kama pumzi ya nyumba yenyewe. Shubiri mbili zikawa moja. Moja ikawa nusu. Kisha hapakuwa na kitambaa tena cha kukunja. Uzi ulikuwa umesimama hewani, na kilichobaki ni fundo.

Mkono ukakataa.

Mzee akaacha hadithi yake. Hakumhimiza, ila alikuwa ameukamata ukingo wa mfarishi kwa mikono yote miwili, macho yake kwenye sindano. Kumbe kweli alikuwa anaogopa.

Bi Nusu akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

Hakuna kilichotokea. Jirani alikuwa anapiga godoro kutoa vumbi. Jikoni maji yalikuwa yanachemka. Bi Nusu alipotazama miguuni pa kitanda hapakuwa na mtu, na hakuona uchungu.

Bwana Barafu akaujivutia hadi kidevuni. Alilala anautazama ukuta, na rangi ilikuwa inamrudi shavuni kidogo kidogo.

"Kumbe ndivyo lilivyo," alisema. "Joto lenyewe."

Hapo Bi Nusu alilia vibaya. Alikuwa amejiandaa kuogopa, na hofu haikuja. Kilichokuja ni zile baridi zote zilizopita, moja baada ya nyingine, kila asubuhi aliyomwona akivaa soksi mbili mbili na yeye akapita na ndoo akisema unakuja, unakuja. Hizo hakuna fundi wa kuzirudisha. Alilia mpaka akachoka, mumewe akimpigapiga mgongoni kwa mkono uliokuwa umeanza kuwa na joto la mtu.

Kisha akafuta uso kwa upindo wa gauni lake, akavua zile ndala mbili zisizofanana.

"Sogea," alisema.

"Wapi?"

"Sogea huko. Niliushona wa watu wawili."

"Na hofu yako?"

"Kama kuna wa kuchukuliwa, na atukute wote."

Akafunua upande aliotoka kuupinda, akaingia. Ulikuwa mzito na mwepesi kwa pamoja, na ulinuka kabati na chaki ya fundi. Akanyoosha miguu.

"Mama wee!" Bwana Barafu aliruka. "Toa hiyo miguu! Mimi nimefanya kazi kwenye barafu maisha yangu yote, sijakutana na kitu kama hiki!"

"Nyamaza, ulale."

"Itoe, nakwambia!"

Hakuitoa. Aliibandika vizuri zaidi juu ya miguu ya mumewe, na taratibu, wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, ikaanza kupata moto.